Mwaka Ambao Maalim Jabir Alinitaka

Siku ya arobaini ya Shangazi Mwanaidi tulikuwa uani tunachambua mchele, na Rehema, binti wa kaka yangu, akaniuliza mbele ya watu wote kama ni kweli niliwahi kuchumbiwa na jini. Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Rehema ana miaka ishirini na miwili, anauza vipodozi kwa simu, na mdomo wake hauna breki. Nikamwambia hakuwa jini wa ovyo, alikuwa ruhani, tena mcha Mungu, na amtaje kwa adabu. Wakubwa wakaangua kicheko. "Kwa hiyo ni kweli?" akasema. Nikamwambia, "Chambua mchele, hapo umeacha mawe." Baadaye, watu walipokuwa wakila, nilihesabu kichwani wale waliokuwemo ndani ya nyumba ile siku jambo lilipoamuliwa. Mama ametangulia, Mzee Mbaruku ametangulia, na sasa Shangazi. Nimebaki mimi, na nisipolisema mimi, Rehema atalisimulia anavyojua yeye, na hapo sasa itakuwa balaa.

Nyumba yenyewe imeshauzwa. Ni ile ya mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ya vyumba sita na ukumbi katikati, na aliyeinunua ataivunja ajenge ghorofa kama majirani zake. Kabla sijaondoka niliomba ufunguo wa chumba cha pili mkono wa kushoto. Mpangaji wa mwisho alikigeuza stoo ya mabegi ya shule, na mabegi yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, yote ya rangi ya waridi. Nilisimama pale kwa muda, nasikia basi la mwendokasi likipita kule Msimbazi, nikajaribu kukiweka kila kitu mahali pake. Hapa kilikuwa kitanda cha besera chenye chandarua cheupe. Pale pembeni sanduku dogo la njumu, na juu yake chetezo, mrashi wa shaba na sahani ya udi. Na katikati, juu ya mkeka, kiti kifupi cha mpingo ambacho hakuna mtu aliyekikalia isipokuwa Bibi. Chumba kizima kilinukia marashi, hata mtu ukipita ukumbini na ndoo ya samaki ulikuwa unaona haya. Nilipofunga mlango nilijiona mwepesi, na nilijua kwa nini. Kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, ningezeekea humo.

Maalim Jabir alikuwa ruhani wa Bibi. Kwa wasioelewa, ruhani si kama pepo wa kugaragaza watu chini. Ni mstaarabu, anasali, anapenda weupe na usafi, hataki harufu ya dagaa wala maneno machafu, na akimpenda mwanamke humfanya mkewe. Bibi alikuwa mkewe tangu usichana. Alhamisi jioni ilikuwa ya Maalim. Bibi alioga maji ya marashi, akavaa nyeupe, akajifungia peke yake mpaka Ijumaa asubuhi. Babu alikuwa mume wa siku sita. Wanasema alivumilia miaka kumi na moja, halafu akaenda Mafia kuangalia minazi na hakurudi tena. Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia Bibi alifariki, na Maalim akabaki mgane. Shangazi Mwanaidi ndiye aliyekuwa akimpandisha kichwani ili azungumze, lakini Shangazi alikuwa ulimi tu. Mke alitakiwa kuwa binti wa ukoo ambaye hajaguswa, achaguliwe na Maalim mwenyewe, awekwe ndani siku saba kwa nguo nyeupe, na siku ya nane akalishwe kwenye kile kiti. Msibani mwa Bibi, ulipopitishwa ubani, mimi nilianguka nikazimia. Sikuwa nimekula tangu juzi yake, lakini nani aliuliza habari za kula? Tena nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na wachumba wawili walikuwa wameshanikaribia wakaishia hewani, mmoja akaenda zake Uarabuni, mwingine akaoa Temeke. Mambo yote yakajumlishwa, jibu likawa mimi.

Ulikuwa ni mwaka ambao maduka yalianza kujaa. Wanangu hawaamini nikiwaambia kwamba kabla ya hapo tuliwahi kupanga foleni kwa ajili ya sabuni ya mche, tukagawana nusu nusu na majirani. Halafu ghafla watu wakaanza kusema kila kitu ruksa, na kweli kila kitu kikaja: mitumba kwa marobota, mafuta ya nywele, radio, biskuti za kopo, vitambaa ambavyo majina yake tulikuwa hatuyajui. Mimi niliajiriwa kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, mtaa wa Uhuru, tuliyemwita Mama Jyoti. Kazi yangu ilikuwa kupima na kukata. Nilikuwa na mkasi wangu, fimbo yangu ya yadi na stuli yangu, na nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote duniani. Na msidhani ni binadamu tu waliogundua kwamba milango imefunguliwa. Maalim Jabir, ambaye miaka ya shida alikuwa akiridhika na ubani wa kawaida na kanga iliyopauka, mwaka ule alianza kutaka marashi ya chupa kutoka nje, bafta nyeupe isiyo na doa, na halua yenye lozi. Shangazi aliyapeleka maombi hayo kwa ukoo bila hata kutabasamu.

Nyumba za Kiswahili kuta zake hazifiki darini. Kwa hiyo kila Jumapili mchana, nikiwa nimejilaza chumbani kwetu baada ya kula, nilikuwa nasikia yote yaliyosemwa chumba cha pili. Nilisikia nikipangiwa. "Huyu mtoto mpole, Maalim atastarehe," sauti ya Shangazi. "Kazi ya dukani ataacha," sauti nyingine. "Ataacha, atafanya kazi gani dukani na watu watakuwa wanamfuata hapa kwa dawa?" "Na kuolewa je?" Hapo kikombe kikawekwa sahanini, halafu Shangazi akasema, "Akitaka kuolewa na binadamu ataomba ruhusa kwa mumewe. Mama yangu aliomba." Nilitega sikio nisikie Mama atasema nini. Mama alikuwemo, nilimjua kwa kikohozi chake. Hakusema kitu. Kisha yakaanza mazungumzo ya mwezi. Ilibidi nikalishwe kabla ya Ramadhani kuandama, kwa sababu Ramadhani majini na maruhani hufungwa, na Maalim hakutaka kwenda kifungoni akiwa mgane. Tulikuwa mfunguo kumi, mwezi wa Rajabu. Nikahesabu kwa vidole juu ya shuka, nikaona nimebakiwa na chini ya miezi miwili.

Ningependa kuandika kwamba sikuwa naamini. Ningeonekana mwerevu. Ukweli ni kwamba niliamini, na mpaka leo sina hakika kama nimeacha. Alasiri moja nilikuwa peke yangu nyumbani, wote wamekwenda harusini Jangwani, na nikasikia harufu ya marashi ikiingia chumbani kwetu, ikasimama karibu na kitanda. Sikuona mtu. Lakini nilijua kwamba naangaliwa, na kwamba anayeniangalia ananitakia mema. Hilo ndilo lililonitisha. Angekuwa mbaya ningemtafutia dawa, ningekwenda kwa masheikh, ningepiga kelele mtaa ukajaa. Unamkataaje mwema? Nilijifunika shuka nikamwambia kwa sauti ndogo, "Nina kazi dukani." Ndilo pekee lililonijia. Baadaye nikalia kwa hasira, maana hata mimi niliona ni jibu la kitoto.

Siku hizo kulikuwa na vijitabu vya hadithi vikikodishwa kwenye meza moja pale Msimbazi, unakaa navyo siku mbili unarudisha. Vingi vilikuwa vya mapenzi, na vilivyogombewa sana ni vya wasichana wanaopendwa na majini. Nilivisoma vyote chini ya kaunta, Mama Jyoti akijifanya haoni. Vilikuwa na mtindo mmoja: msichana anaambiwa habari ya hatima yake, anakataa, anakimbia, anakataa tena, halafu ukurasa wa tatu kutoka mwisho anafumba macho na kugundua kwamba alikuwa akimpenda jini tangu mwanzo. Nilikuwa navitupa kwa ghadhabu halafu nakwenda kukodi kingine, labda huyu atakuwa na msimamo. Ndivyo nilivyokutwa na Kassimu Mrisho, nimekunja uso juu ya kitabu, siku aliyokuja kutafuta kitambaa cha pazia.

Kassimu alikuwa mtunza stoo kwenye karakana moja ya Gerezani, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye peni mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu. Alipima dirisha lake kwa rula na akaandika vipimo kwenye karatasi, kisha akanipa karatasi ile nikiwa nimeshasimama na mkasi. Wiki iliyofuata alirudi kwa pazia la dirisha la pili. Wiki ya tatu alirudi, nikamuuliza, "Nyumba yako ina madirisha mangapi?" Akasema, "Chumba kimoja, madirisha mawili. Hili ni la mlango." Wiki ya nne alikuja hana la kununua, akasimama tu. Mama Jyoti akamtazama juu ya miwani, akaniambia, "Zena, nenda kula. Leo kula mapema." Tukaenda kwa mama ntilie mmoja nyuma ya karakana yao, tukakaa kwenye benchi katikati ya mafundi wenye grisi mikononi, tukala wali maharage na bamia. Alikuwa anachagua bamia zake kwanza anazimaliza, halafu wali. Nilimpenda hapo hapo, kwenye zile bamia, na moyo ukaniuma kwa sababu nilijua haitafika popote.

Nilikaa nalo wiki tatu, halafu nikamwambia. Ilikuwa benchi lile lile. "Kassimu, mimi usinihangaikie. Nina mwenyewe."

Akaweka kijiko chini. "Nani?"

"Anaitwa Maalim Jabir."

"Anafanya kazi wapi?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamweleza yote, ruhani, Bibi, kiti, siku saba, Ramadhani. Nilisubiri acheke, au asimame aondoke kama yule aliyeoa Temeke. Hakucheka. Kwao Tabora pia kuna mambo, alisema, ila ya kwao hayaoi. Akafikiri kidogo, uso ule ule wa vipimo vya pazia. "Sasa pale nyumbani kwenu, kwa jambo linalokuhusu wewe, mwenye kauli ya mwisho ni nani? Mama yako?"

"Hapana."

"Shangazi?"

"Shangazi anasema tu anayoambiwa. Mwenye kauli ni Maalim."

"Basi nimeelewa," akasema, akarudi kwenye wali wake. Sikujua ameelewa nini. Hakurudi dukani wiki ile wala iliyofuata, nikajiambia haya, mwingine huyo.

Wiki hiyo hiyo Shangazi alinituma nilete bafta ya nguo zangu za kukalishwa. Nilinyoosha kitambaa juu ya kaunta, nikaweka fimbo ya yadi, nikaanza kupima mwenyewe: moja, mbili, tatu. Mama Jyoti alijua bafta nyingi nyeupe kwa mpigo ni sanda au ni shughuli, na kwetu hapakuwa na msiba. Akaniuliza ni ya nini, nikamwambia. Alikuwa mama wa maneno machache, mweupe wa nywele, anafunga duka mapema siku za ibada zao na hataki kuulizwa. "Wewe nataka?" akaniuliza. Nikasema nimeitwa. "Mimi sikuuliza nani naita. Mimi nauliza wewe nataka?" Nikaendelea kupima, na kwenye yadi ya sita nikapoteza hesabu ikabidi nianze upya. Alinishika mkono akachukua mkasi, akakata yeye. Sikuwahi kukatiwa kitambaa na Mama Jyoti kabla ya siku ile.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya pili kutoka mwisho kabla ya mwezi kuandama. Nilikuwa nimerudi mapema kwa amri. Baada ya sala ya alasiri Shangazi alitakiwa kumpandisha Maalim ili aseme ni lini niingie ndani. Sinia lilikuwa tayari: halua, zabibu, mayai ya kuchemsha, kahawa nyeusi kwenye birika dogo. Mama na mimi tulikuwa ukumbini, mimi nimevaa nyeupe, kichwa kinaniuma kwa udi. Ndipo ikasikika hodi barazani. Alikuwa Mzee Mbaruku, msimamizi wa pale karakana ya Gerezani, mzee wa Kilwa mwenye kofia safi iliyoshonwa kwa mkono, amebeba bahasha iliyofungwa ndani ya leso nyeupe. Kila mtu wa Pwani akiona bahasha ndani ya leso anajua ni posa. Shangazi akatoka kuipokea, kwa sababu tangu Baba alipofariki barua zangu za namna hiyo zilipitia kwake. Akanyoosha mkono, na Mzee Mbaruku akarudisha leso kifuani. "Samahani, Bi Mwanaidi," akasema. "Nimepewa amri nimkabidhi mwenyewe. Imeandikwa jina."

"Jina la nani?"

"Maalim Jabir."

 Mama alijiziba mdomo. Shangazi alimwangalia yule mzee kutafuta dalili za mzaha, na mzee wa watu alikuwa mkavu kama ukuta, maana yeye aliambiwa tu kuna mkubwa wa nyumba anayeitwa hivyo. "Nani kaandika?" Shangazi akauliza. "Kijana wetu, Kassimu. Mnyamwezi." "Ah, Mnyamwezi," akasema Shangazi, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukufanyia kituko msibani ukacheka, na kumkasirikia ni aibu yako wewe. Lakini utani au si utani, barua ilikuwepo, ina jina la mtu, na kwetu barua ya mtu haifunguliwi na mwingine. Shangazi alisimama pale akiwa amefungwa mikono na adabu zake mwenyewe. Mwisho akasema, "Subiri barazani. Mwenyewe anakuja."

Tukaingia chumba cha pili, sisi watatu. Shangazi akajifunika bafta kutoka utosini, Mama akachochea makaa, moshi ukapanda. Nilikuwa nimeshaona mara nyingi. Mabega ya Shangazi yalitikisika mara tatu, akapiga chafya, na sauti iliyotoka chini ya kitambaa ikawa nzito na ya taratibu, Kiswahili cha kizamani chenye Kiarabu ndani. Akatusalimu, tukaitikia. Mama akaiweka leso miguuni pake, akasema kwa unyenyekevu kwamba imeletwa barua yake. Mikono miwili ikatoka chini ya bafta. Ikaipokea, ikafungua leso, ikachana bahasha. Halafu ikatulia, kwa kuwa Shangazi alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu; hizi nyingine hazikumwingia, na madarasa ya watu wazima aliyakimbia akisingizia macho. "Asome aliyesoma," akasema Maalim. Mama hakuwa na miwani. Kwa hiyo nikaisoma mimi posa yangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, na tarehe imepigiwa mstari kwa wino mwekundu:

"Kwa Maalim Jabir, mkubwa wa nyumba. Asalaam aleikum. Mimi kijana wako Kassimu Mrisho, mzaliwa wa Tabora, ninaleta maombi kwa heshima na adabu ya kumuoa binti yako Zena. Nimeambiwa kwamba kwa mambo yake yote wewe ndiye mwenye kauli. Sina ujanja wala sikupitia mlango wa nyuma. Naomba unipokee kama mwanao. Nasubiri majibu yako kwa yeyote utakayemtuma."

Nikamaliza. Makaa yalikuwa yakilialia. Na hapo Mama, ambaye mwaka mzima sikusikia kutoka kwake ila kikohozi, akasema, "Maalim, umeipokea kwa mikono miwili."

"Nimeipokea," ikasema sauti.

"Anayepokea posa ya msichana ni mzazi wake. Mume hapokei posa ya mkewe." Mama hakuishia hapo. "Mwanangu baba yake amekufa. Leo amepata mwingine. Alhamdulillahi."

Nimewahi kumuuliza Kassimu mara mia kama alijua. Anasema alifuata utaratibu: ukiwa na ombi unamwandikia mwenye mamlaka, basi. Hata stoo walikuwa wanafanya hivyo. Mzee Mbaruku, ambaye ni mtu wa Pwani na angeweza kumwonya, aliapa hakujua Maalim ni nani. Namwamini Kassimu, hana ubongo wa hila, na nimeishi naye vya kutosha. Kuhusu Shangazi ndiyo sijui. Angeweza kuisukuma ile barua pembeni. Angeweza kusema Maalim amekasirika, na sote tungekubali, na ningeingia ndani siku inayofuata. Alikuwa na kila sababu, kwa sababu bila mke chumba kile kingekufa, na kweli kilikufa. Watu wa dawa walipungua, na Shangazi akaishia kupangisha. Kiti cha mpingo hakikukaliwa na mtu tena isipokuwa siku ya harusi yangu, kilipowekwa upande wa wazee wa bibi harusi, kimetandikwa bafta na glasi ya sharubati mbele yake, na ami yangu wa Bagamoyo aliyesimama kuwa walii wa kuniozesha akakipa shikamoo kwanza. Nilimwendea Shangazi kila Idi kwa miaka yote hiyo. Alinipokea vizuri, akanilisha, akawafinya wanangu mashavu, na kila nilipotaka kumuuliza kama siku ile alikuwa yeye au alikuwa mwenzake, nilishikwa na woga wa kuharibu. Nilichopaswa kumwambia ni asante, kwa yeyote kati yao, na asante haikuhitaji kujua. Hilo ndilo ninalojutia. Mengine yote ya mwaka ule nikiyakumbuka napumua.

Lakini pale chumbani tulikuwa bado hatujui. Mama alikuwa amepiga magoti, mimi nimeshika karatasi. Nikafikiri, sasa atakasirika, sasa vitu vitaanguka. Maalim akaguna kama wanavyoguna wazee wakitaka kukaa vizuri.

"Huyo kijana," akasema, "anakaa wapi?"

"Ilala, Maalim," nikajibu. "Amepanga."

"Vyumba vingapi?"

"Kimoja."

"Maji?"

"Bomba liko uani."

"Linatoka?"

"Siku nyingine."

Akaguna tena, na ilikuwa guno la baba mkwe aliyetegemea zaidi. Akauliza kama anasali, nikasema anasali. Akauliza kama ana hasira, nikasema sijaiona. Akauliza kama ataniachisha kazi ya dukani, na nikasema sidhani, yeye ndiye mteja mkubwa wa mapazia. Mama akashindwa kujizuia, akacheka kidogo ndani ya kanga yake, na kitambaa cheupe nacho kikatikisika mabegani, nisijue kama ni ruhani anacheka au ni Shangazi. Kisha kikatulia.

"Binti Zena," ile sauti ikasema, safari hii polepole zaidi. "Kijana ameomba, nami nimesikia. Wewe umeridhia?"

Desturi ni kwamba msichana akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Mama alinigusa goti kunikumbusha. Lakini nilikuwa nimenyamaza mwaka mzima, na kila mtu alikuwa amekichukua kimya changu akakitafsiri anavyotaka.

"Nimeridhia, baba," nikasema, kwa sauti iliyopita juu ya ukuta na ukumbi mpaka barazani, na nikamsikia Mzee Mbaruku akimshukuru Mungu kabla hata hajaletewa majibu.